Kidole Kilichobaki Kwenye Mi

Usiku wa kuamkia mtihani niliota nimefika ukumbini nimevaa joho la kwaya, na mlinzi wa getini ananiambia niingie mimi, ila kidole changu hakiruhusiwi.

Kabla sijaendelea niseme kidogo, la sivyo mtadhani nimechanganyikiwa. Naitwa Tupokigwe. Siku sita za wiki nachuma chai huku Rungwe, na ya saba naimba alto, yaani sauti ya pili. Nimeimba alto miaka ishirini na miwili. Mahali pangu ni benchi la pili, mwisho kabisa, bega kwa bega na soprano wa kwanza, na mtu yeyote aliyewahi kuimba alto jirani na soprano anaijua adha yake. Wale ndio wenye melodi, na melodi inavuta. Ukilegea kidogo tu umeshachukuliwa, unaimba ya kwao, na mwalimu anakukazia macho mbele ya washarika wote. Dawa ni moja. Unaziba sikio la upande wa soprano kwa kidole, unashika nota yako, ile mi yako, unakomaa nayo mpaka amina.

Kwa hiyo kidole changu cha kuonyeshea, cha mkono wa kulia, maisha yake yote kimeishi sikioni. Kikisikia muziki popote, hata wa tangazo la sabuni redioni, kinapanda chenyewe.

Sasa Mwalimu Angolile, aliyetufundisha kwaya tangu nikiwa msichana, masikio yanamwishia. Ukimwamkia anakujibu kuhusu mvua. Kamati ikakaa, ikaamua hivi: Tupokigwe akileta cheti cha muziki kabla ya Pasaka, kwaya ataishika yeye. Asipoleta, itashikwa na Lusajo na kinanda chake cha umeme, kile chenye midundo ya tayari. Lusajo si mtu mbaya, niseme ukweli. Lakini ameshatangaza kwamba kwa kinanda chake sauti moja inatosha, wote tutaimba melodi, na sisi alto kumi na wanne tutahamia viti vya washarika "mkapumzike, mama zangu". Tumeomba kupumzika sisi? Niliumia mpaka chakula kikanishinda.

Mtihani wa cheti una sehemu nyingi na zote nilizimudu, isipokuwa ya kusikiliza. Mtahini anapiga kipande kwenye piano, wewe nota huzioni, kisha anakuuliza: ni mtindo wa zama zipi, na umejuaje? Zama zenyewe ni nne. Kuna Baroko, kuna Klasiki, kuna Romantiki, halafu karne ya ishirini. Mwalimu Angolile alinifunza jioni tatu kwa wiki, ameinamia piano ya kanisa kwa sikio lake moja lililobaki zima.

"Usiniambie ni tamu," alikuwa ananifokea. "Tamu ni miwa. Niambie umesikia nini."

"Nimesikia mi, mi, mi, fa, mi."

"Na melodi je?"

Melodi sikuisikia.

"Toa kidole, Tupokigwe!"

Nikijitazama, kweli bwana, kiko sikioni.

Haya. Turudi getini.

Mlinzi ni ile stendi ya chuma ya kuwekea nota, yenye miguu mitatu, imevaa sweta la ulinzi na kofia. "Vidole vya masikioni haviingii," inasema.

"Hiki hakitoki mkononi, ndugu yangu."

"Jaribu."

Najaribu. Kinatoka kama kifuniko cha kalamu, bila maumivu. Nashangaa kidogo tu, kwa sababu naona stendi haishangai. Inakigeuzageuza, inaitazama ncha yake nyeusi.

"Chai?"

"Chai. Utomvu wa miaka kumi na tisa. Hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu."

"Kiweke mfukoni. Kukibeba ruksa. Kukiweka sikioni, marufuku."

Nakitia mfuko wa joho, naingia. Ndani ya ukumbi ni shamba la chai. Mistari imepangwa vizuri, umande bado, na katikati ya mistari kuna piano kubwa kama banda la kupimia majani. Mbele ya piano ameketi mtahini. Mtahini ni sikio. Ni sikio moja, refu kama mtu mzima, lina suti ya kijivu na miwani. Nilidhani miwani itakaa vibaya, lakini imekaa vizuri sana.

"Karibu," linasema, sijui kwa kutumia nini. "Utasikia vipande vitatu. Kanuni ni moja. Kila utakalolisema juu ya muziki litatokea hapa hapa. Kwa hiyo usilolisikia usiliseme."

Pembeni naona benchi la pili la kanisani kwetu, na alto wenzangu wote wameketi, mikoba mapajani. Hata mimi niko pale, nimekaa mwisho. Mbele yao kimesimama kinanda cha Lusajo kwa miguu yake minne, kinatafuna majani ya chai.

"Na hicho?" nauliza.

"Mimi nipo tu, mama," kinajibu kinanda kwa adabu. "Ukikosa kipande, alto saba wanaingia kwangu. Nimeshawatengea kitufe, namba arobaini na saba. Sauti ni ile ile, haikohoi, haidai chai ya mazoezi."

Nageukia piano.

Piano inaanza kupiga yenyewe. Kifuniko kinafunguka, anatoka baba mmoja mwenye koti la mvua, anatembea katikati ya mistari ya chai. Hatua, hatua, hatua, hatua. Haongezi wala hapunguzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, siwezi kusimama. Mimi ni besi."

Nafurahi, jamani! Mwalimu aliniambia mara mia: ukisikia besi inatembea hivyo bila kupumzika, fikiria Baroko. Nasema kwa sauti, "Baroko." Ningenyamaza pale ningekuwa salama. Lakini nataka kuonekana nimesoma, naongeza: "Tena ni nyepesi."

Baba wa watu ananyanyuka. Anapanda taratibu juu ya chai, juu ya miti ya kivuli, anaelekea Mlima Rungwe, huku bado anatembea. Hatua, hatua, hatua, hatua, angani.

"Wepesi umeusikia wapi?" linauliza Sikio.

"Sikuusikia. Nimesema tu."

"Ndiyo tatizo la watahiniwa wengi." Linaandika.

Alto saba wanasimama. Wanajikunja kama nguo za kupigwa pasi, mmoja baada ya mwingine, wanaingia chini ya kitufe. Mama Sekela anaingia na mkoba wake. Kabla hajaisha ananitazama, anasema, "Tupokigwe, uliziba sikio lipi?"

Kipande cha pili. Sasa hatuko shambani, tuko sebuleni kwa mtu, viti vina vitambaa vya kufuma. Wageni wawili waliochana nywele vizuri wanasalimiana.

"Hamjambo humu ndani?"

"Hatujambo, sijui ninyi?"

"Sisi wazima, watoto je?"

"Watoto wazima, mvua je?"

Kila swali lina urefu sawa na jibu lake. Hakuna anayemkatiza mwenzake, na nyuma ya pazia kuna mtu anakoroga uji, do so mi so, do so mi so. Hawa ni Klasiki, wala sibahatishi.

"Klasiki," nasema.

"Umejuaje?"

Hapo ndipo kichwa kinakuwa cheupe. Sentensi zote za Mwalimu Angolile zinakimbia. Kidole kinachezacheza mfukoni kama kuku kwenye kapu. Nafungua mdomo, na kinachotoka ni kile kile nilichokatazwa mwezi mzima.

"Ni tamu."

Wale wageni wanakuwa sukari. Viti vinakuwa sukari, pazia pia. Sisimizi wanatokea kwenye kona, wamejipanga, wanawabeba wageni kutoka nje kupitia chini ya mlango. Wageni hawana neno. Wanaendelea kusalimiana, sauti zinapungua tu, "na ng'ombe je?", "ng'ombe wazima".

Saba waliobaki wanaingia kwenye kinanda. Wa mwisho ni mimi niliyekaa mwisho wa benchi. Najitazama nikijikunja. Benchi linabaki tupu, na sijawahi kuliona benchi lile tupu. Nililia, nisiwafiche.

"Kimebaki kimoja," linasema Sikio. "Ukikipata, wote wanatoka. Ukikosa, na wewe uliyesimama unaingia, kitufe namba arobaini na nane."

"Namba arobaini na nane ni mlio wa chura kwa sasa," kinanda kinanieleza, "lakini tutaubana kidogo."

Kipande cha tatu kinaanza. Na mimi, kwa woga, nafanya nilichozoea. Nachomoa kidole mfukoni, nakichomeka sikioni. Melodi inapotea. Kinachobaki ni mi. Mi, mi, mi, mtu fulani ameishika, na inatoka tumboni mwa piano. Naifuata. Nafunua kifuniko kidogo kando, kumbe ni mlango, naingia.

Ndani kuna nyaya nyingi na harufu ya nguo zilizokaa sandukuni. Mama mfupi mwenye joho na kitambaa kichwani amesimama kati ya nyaya, amekandamiza mi kwa kidole. Kidole chake kingine kiko sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mi. Funga mlango. Mi. Soprano wanaingia."

Nafunga. "Wewe ni nani?"

"Mi. Sauti ya Pili. Mi. Nani mwingine angekaa humu?"

"Umekaa muda gani?"

"Mi. Zama zote nne."

"Basi unazijua! Nifundishe, mama yangu, alto wote kumi na wanne wamo kwenye kitufe."

"Nitafundishaje nimeshika mi? Mi. Nikiachia hata mara moja, huko nje panabaki kelele juu na kelele chini. Mi. Nani atanishikia?"

Nafikiri. Kisha nakitoa kidole sikioni.

"Ninacho hiki."

Anaitazama ncha yake nyeusi. "Alto?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Kiweke."

Nakiweka kwenye mi. Kinashika. Hakitetemeki, hakipandi wala hakishuki, nakionea fahari. Mama anaachia polepole, anatega sikio. Mi inaendelea. Basi anakaa chini, ananyoosha miguu, magoti yanalia kama bawaba.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," anasema. "Miaka mia tatu na kitu, wote wanapita hapo mlangoni wanakimbilia melodi. Sikiliza. Zama za kwanza nilikuwa na njia yangu. Besi anatembea, na mimi natembea, tunapishana. Na nilikuwa na ujanja: wenzangu wakihamia nota ya leo, mimi nang'ang'ania ya jana, inagongana nao mpaka inauma, ndipo nashuka kidogo na kila mtu anapumua. Zama za pili nikawekwa jikoni, do so mi so, do so mi so, ili wageni wasalimiane vizuri. Za tatu nikaanza kuteleza. Nusu hatua, nusu hatua. Nikiteleza mimi, analia wa juu. Za nne nikakalishwa bega kwa bega na jirani, mi na fa kwa pamoja, na hakuna aliyeomba radhi."

"Kwa hiyo nikikusikiliza wewe tu, nitajua?"

"Hapana!" Anakasirika kweli. "Mimi peke yangu ni mi, mi, mi. Ningekuwa wa kusikilizwa peke yangu ningeimba solo. Sikiliza ninavyomfanya yule wa juu, na anavyonifanya mimi. Ndiyo maana mwalimu wako anakuambia utoe kidole."

"Nimeshakitoa. Kile pale."

Wote wawili tunakitazama. Kimeshika vizuri.

"Mi ileile miaka yote," anasema Sauti ya Pili, safari hii polepole, "na wewe hukuwahi kusikia ilikuwa inamfanyia nani."

Maneno yale yaliniingia. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nashikilia kitu ambacho sikuwahi kukiona kikifanya kazi.

Sikio linabisha hodi kwenye kifuniko. "Mtahiniwa, muda."

Natoka. Kipande bado kinaendelea, na mimi sina cha kuzibia sikio. Melodi inaniingia yote, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa binti, na jamani, msiniulize. Nilidhani soprano walikuwa wanaringa bure. Ni nota moja ndefu iko juu, haitaki kuondoka. Chini yake, katikati, mtu anateleza.

"Zama zipi?"

"Romantiki."

"Umejuaje?"

Sisemi tamu. Sisemi nyepesi. Nasema nilichosikia. "Wa juu ameshikilia nota moja, hajasogea. Wa katikati anashuka nusu hatua, halafu nusu hatua tena. Kila akishuka, ile nota ya juu inakuwa huzuni nyingine, ingawa ni ile ile."

Sikio linavua miwani.

Kinanda kinakohoa. Kinakohoa tena, na Mama Sekela anatoka na mkoba wake, amejaa mikunjo. "Humo ndani joto!" anasema. Wanatoka wote, wananung'unika, wanajinyoosha majoho, wanagombania nafasi kwenye benchi. Nawahesabu. Kumi na wanne.

Ndipo nakumbuka kidole. Narudi mbio, nachungulia ndani ya piano. Sauti ya Pili amelala, anakoroma kwenye so ya chini, mdomo wazi kidogo. Kidole changu kiko peke yake, kimeshika mi.

Nilitaka kukichukua. Nikamtazama mama yule, nikahesabu miaka yake. Sikuweza kumwamsha.

Nikaamka mimi.

Nilikuwa kwa mdogo wangu Subilaga, Mbeya mjini, pameshakucha, na mvua inapiga bati. Kidole changu cha kuonyeshea kilikuwa mkononi, lakini kimekufa ganzi kabisa. Nilikisugua, nikakipuliza, wapi. Nikaenda nacho dirishani, na hapo ndipo nikaketi juu ya sanduku.

Ncha yake ilikuwa safi, kama ya mtoto mchanga. Vile tisa vingine vyeusi kama jana.

"He! Umepaka nini, dada?" akasema Subilaga, ameleta chai. "Nipe na mimi."

Saa nne nikaingia kwa mtahini. Alikuwa mzee mwembamba kutoka Dar, mpole, mwenye masikio madogo sana. Piano ilikuwa ya kawaida, ya kuegemea ukuta. Niliweka mikono mapajani. Alipoanza kupiga, nilisubiri kidole kianze kupanda. Hakikupanda. Kililala pale pale kwenye sketi yangu, hakina habari.

Basi nikasikia yote. Besi alikuwa anatembea, ameshuka salama kutoka angani. Melodi ilikuwa juu, inajizungusha. Na katikati, nilimtambua kabla hajafika: wenzake wamehama, yeye ameng'ang'ania nota ya jana, inauma, inauma, kisha akashuka kidogo.

"Baroko, mzee."

"Umejuaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za besi, za melodi, halafu za yule wa katikati, anamng'ang'ania nani na anamwachia lini. Mtahini aliacha kuandika. Alipiga tena ule mstari peke yake, taratibu, akiangalia mkono wake mwenyewe.

"Wengi hunijibu kutoka juu," akasema. "Wachache kutoka chini. Nani alikufundisha kusikiliza katikati?"

"Mwalimu wangu Angolile," nikasema. Ulikuwa ukweli, ila haukuwa ukweli wote.

"Mfikishie salamu. Nawe nenda salama, mwalimu."

Mwalimu! Nililisikia vizuri, kwa masikio yote mawili. Moyoni nikaliona benchi la pili limejaa. Nilisimama, na hapo hapo kidole kikaanza kuchomachoma, kinarudi.

Nikafika mlangoni, nikasikia anaguna. Alikuwa ametoa leso, anasugua kitufe kimoja cheupe katikati ya piano, anakitemea mate kidogo, anasugua tena.

"Samahani," akasema. "Jana jioni nilifuta piano hii mwenyewe na nikaifunga kwa ufunguo. Leo asubuhi nakuta doa hili. Nimejaribu sabuni, halitoki."

Nilirudi kuangalia. Lilikuwa jeusi, la mviringo, kadiri ya ncha ya kidole, na lilikuwa kwenye mi.

"Hata kwa ndimu halitoki, mzee," nikamwambia.